Ukialikwa Tropea, Uliza Kwanza Nyumba Iko Juu au Chini

Ukikaa Malindi, palipojaa Waitaliano, mwaliko wa Italia haushangazi. Wengi huishia Milano au Roma. Ukipata mwenyeji wa kusini, mkoa wa Calabria, usikatae, maana huko ndiko kuna Tropea, mji mkongwe uliojengwa juu ya jabali hadi ukingoni kabisa, ukuta wa nyumba ukaungana na ukuta wa mwamba. Chini yake ni mchanga mweupe na bahari ya Tirreno. Mwaka 2021 ulishinda shindano la Borgo dei Borghi, la vijiji vya kale vya Italia, na Agosti huko sasa ni msongamano mtupu.

Karatasi kwanza. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 ya uhai baada ya siku utakayotoka, na kurasa 2 tupu. Tarehe za barua ya mwaliko, tiketi na bima zilingane. Zikipishana hata siku moja, umejitafutia maswali. Ukifika, mwenyeji anayekulaza kwake ana saa 48 za kuiarifu polisi kwa maandishi, au ofisi ya meya kama hapo hapana kituo. Mtaliano aliyezoea upole wa Malindi husahau. Mkumbushe.

Uwanja wa ndege wa karibu ni Lamezia Terme. Kutoka Roma ni kama saa moja angani, au unapanda treni Roma Termini na kutazama nchi kwa nusu siku. Kutoka stesheni ya Lamezia Terme Centrale, treni ya mkoa hukufikisha Tropea kwa muda wa saa moja hivi. Hapa ndipo wageni hupigwa faini: tiketi ya karatasi ya treni hizi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilicho stesheni kabla hujapanda. Kuilipia hakutoshi. Jumapili treni hupungua, basi angalia ratiba mapema.

Sasa hilo la juu na chini. Mji mkongwe uko juu; ufuo na bandari ya mashua viko chini, na kati yao kuna ngazi zipatazo 200. Kushuka asubuhi ni raha. Kupanda saa saba mchana, jua la Julai kichwani na mtoto mgongoni, ni kazi ya kuli. Kwa hivyo shuka na maji, chakula na kila kitu, upande mara moja tu jioni. Sanduku la magurudumu halina maana kwenye vichochoro vya mawe. Begi la mgongoni ndilo lenyewe.

Bahari yenyewe itakuchanganya. Sisi tumezoea maji kujaa na kupwa, unatoka asubuhi miamba iko nje na ukirudi mchana imefunikwa. Kule maji hupanda na kushuka kidogo tu. Ufuo ulioacha asubuhi ndio utakaoukuta jioni. Lakini baridi! Mwezi wa Mei maji huwa nyuzi 18 au 19, na mtu wa Malindi atatia mguu na kuutoa. Septemba ni karibu nyuzi 25, watu wamepungua na bei zimeshuka. Nenda Septemba. Usitandike chini ya jabali hata kama kivuli kinavutia: mwamba ule ni laini na vipande huanguka, ndiyo sababu ya vibao vya kukataza. Viti na miavuli iliyopangwa safu ni vya kulipia. Tafuta kibao cha “spiaggia libera”, yaani ufuo huru, utandike leso yako bure.

Leso hiyo hiyo ichukue ukienda kanisa kuu, maana mabega na magoti hufunikwa. Mlangoni utaona mabomu mawili ya Vita vya Pili vya Dunia yaliyodondoshwa mjini yasilipuke, yakawekwa pale kama shukrani. Kanisa la Santa Maria dell'Isola, lile la kwenye picha zote, limekaa juu ya mwamba wake peke yake uliokuwa kisiwa zamani. Nalo lina ngazi zake.

Chakula kina mtego mmoja kwa Mwislamu, nao unaitwa ’nduja. Ni nyama ya nguruwe iliyosagwa na pilipili nyingi hadi ikawa laini ya kupaka, asili yake kijiji cha Spilinga jirani. Haikai peke yake: huyeyushwa kwenye mchuzi wa pasta, hupakwa juu ya piza, huingizwa hata kwenye samaki, na kwa macho ni rangi nyekundu tu kama nyanya. Uliza “c’è maiale?” (kuna nguruwe?) kabla ya kuagiza kila sahani, si mara moja mlangoni. Pweza na samaki wa kuchoma vipo tele. Jikoni nyingi hufunga baada ya saa nane na nusu mchana na hazifunguki hadi saa moja na nusu usiku. Ukichelewa, ni mkate na jibini.

Kitunguu chekundu cha Tropea, chenye hati ya IGP (ya Ulaya, ya kulinda jina la zao la mahali fulani) tangu 2008, ni kitamu kiasi cha kuliwa kibichi, na wanakitengenezea hata aiskrimu (onja kijiko kimoja, yatosha). Mashada yaliyosukwa yatakushawishi kubeba nyumbani. Usibebe: mazao mabichi ya mimea yanataka kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, kilichotolewa kabla ya safari, bila hicho yanabaki uwanja wa ndege Nairobi. Nunua jemu yake ya chupa, na uitie kwenye mzigo wa kupakiwa, kwani chupa ya zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi huenda ikaishia kwenye pipa la ukaguzi.