Songwe hadi Nduli ni karibu, kwangu hadi Songwe ndiyo kazi

Mdogo wangu ameolewa Iringa, mimi naishi Uyole, Mbeya. Wiki hii kanitumia ujumbe: "Dada, nimeona mtandaoni toka uwanja wa ndege wa Songwe hadi huku ni kilomita 305 tu, dakika 45 kwa ndege. Mbona wewe ukija siku nzima inaisha?" Nafundisha jiografia sekondari, kwa hiyo swali kama hilo siliachi lipite.

Hiyo 305 ni ya kweli. Songwe iko karibu digrii 8.9 kusini na 33.3 mashariki. Uwanja wa Iringa, pale Nduli, uko karibu 7.7 kusini na 35.75 mashariki. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, na ya longitudo huku kwetu inakaribia 110. Pitisha Pithagorasi hapo, utapata mia tatu na kidogo.

Sasa chukua ramani uitazame barabara. Ukitoka Mbeya unapita Inyala, Igurusi, Chimala, Igawa mpaka Makambako, kilomita kama 170, na kote huko unaenda mashariki tu! Makambako iko karibu latitudo ileile ya Songwe; kaskazini hujasogea. Ni hapo ndipo barabara inapokunja kwenda Mafinga, Ifunda, Tanangozi, halafu Iringa. Ndege haina habari na kona hiyo. Inakatiza juu ya Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na ardhioevu ya Ihefu, sehemu ambayo barabara kuu inaizunguka kwa kusini. Wanafunzi wangu hupenda sana wakiliona hilo kwa rula.

Muda nao unategemea ndege. Ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-Q400 inakwenda kilomita 600 kwa saa na zaidi, kwa hiyo nusu saa ya mwendo, ongeza kupaa na kushuka, dakika 45 zinatimia. Cessna Caravan, ile ndogo ya injini moja, itahitaji saa nzima au zaidi kidogo.

Lakini mimi naanzia Uyole, mdogo wangu. Stendi ya Nane Nane iko jirani, na iko upande huohuo wa kwenda kwako. Songwe iko magharibi, ng'ambo ya jiji: nivuke Mwanjelwa, Mafiati, Mbalizi, nikiwa katikati ya malori ya Tunduma, yaani nikupe mgongo kwanza ndipo nianze kuja. Nikitua Nduli nipo nje ya mji, njia ya Dodoma, natafuta tena gari la kunirudisha mjini. Tangu uwanja wa zamani wa mjini Mbeya ulipoachwa na Songwe kufunguliwa mwaka 2012 tumepata njia ndefu ya kurukia, na kwa nyanda za juu hilo ni la lazima, maana hewa nyepesi huifanya ndege ikimbie zaidi kabla ya kupaa. Ila umbali wa kufika huko tumeongezewa, na masika ukungu wa asubuhi unaweza kuichelewesha ndege.

Hata hivyo natamani Caravan ya moja kwa moja, hata mara mbili kwa wiki. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, na mgonjwa wa Iringa anayeletwa huku kwa gari analipita lile kunjo lote la Makambako amelala chali. Kwake yeye saa moja ya angani ni jambo kubwa, hata ukijumlisha foleni ya Mbalizi.