Magamba ya samaki ndani ya chasisi

Land Rover ya mjomba wangu, Series III ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, iliyotengenezwa miaka ya sabini, ilikuwa na bodi isiyo na doa la kutu, na hilo ndilo lililokuwa likiwadanganya watu waliokuja kuiulizia bei. Tangu magari hayo yalipoanza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1948, bodi zake zilitengenezwa kwa sehemu kubwa kwa aluminiamu, ambayo haili kutu kama chuma. Chasisi inayoibeba bodi hiyo ni ya chuma, mabamba manne yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani, na kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia gari linalong'aa huku uti wake wa mgongo umebaki ganda.

Kazi ya gari hilo ilikuwa kusomba kayabo, yaani sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, kutoka mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, hadi kwenye maghala ya wafanyabiashara. Wengi hapa Mwanza huamini kwamba kutu ya magari yetu inaletwa na unyevu wa ziwa. Unyevu una sehemu yake, lakini maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na gari linaloishi kando yake halina tabu kama lile linaloishi Tanga au Mtwara. Chumvi iliyoila Land Rover ya mjomba tuliipakia wenyewe kwa mikono yetu, gunia juu ya gunia, ikachuruzika kupitia nyufa za sakafu ya nyuma hadi kwenye vyuma vya chini.

Mwaka 2015, kiangazi kilipokuwa kimekolea mwezi wa Julai, mjomba aliamua gari lifufuliwe, akanikabidhi mimi usimamizi kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Tulilipeleka gereji moja Nyakato. Pamoja na mafundi wa pale nilimwomba mzee mmoja wa mtaani kwetu aje kutazama, mtu aliyefanya kazi ya kuchomelea na kupaka rangi meli kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikubali kwa sharti kwamba bodi iondolewe yote kwanza, kwa maana hakuwa tayari kutoa hukumu juu ya kitu asichokiona.

Bodi ilipoinuliwa na kuwekwa kwenye matofali, mzee alichukua nyundo ndogo yenye ncha, ile ambayo mafundi wa meli huitumia kubangua kutu, akaanza kuigonga chasisi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Palipokuwa na chuma kizima nyundo ililia kwa sauti kali na kuruka. Palipooza ililia butu, na kwenye boriti ya mwisho, ile inayofungiwa ndoano ya kuvutia, ilizama ndani hadi kwenye mpini. Mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi ilikuwa hivyo hivyo, na pia sehemu iliyo juu ya ekseli ya nyuma, ambapo chasisi inapinda na matope hupata mahali pa kulala. Alizungushia kila mahali alama ya chaki bila kusema neno.

Kisha aliomba mpira wa maji. Aliuingiza kwenye tundu la mbele la boksi na kumwambia kijana afungulie bomba. Kwa muda hakikutoka kitu, kwa sababu matundu ya chini ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa kabisa na udongo. Alipoyazibua kwa msumari mrefu, yalimwagika maji ya rangi ya chai ya rangi, yakifuatwa na tope jekundu, vipande vya kutu vyembamba kama maganda ya vitunguu, na magamba ya sangara, makubwa, mengine bado yanang'aa. Harufu ya kayabo iliijaza gereji. Mzee alichovya kidole kwenye yale maji, akakigusisha ulimini, akatema. "Mwalimu," aliniambia, "hii ni chumvi. Ukipaka rangi juu yake umeifungia ndani na chakula chake."

Hapo ndipo palipozuka ubishi. Fundi mkuu wa gereji alikuwa ameshanunua debe la lami, akisisitiza kwamba magari yote anayoyatoa hupakwa lami chini na wateja hawajarudi kulalamika. Simlaumu, maana lami huonekana safi na mwenye gari hufurahi. Lakini lami ikishakauka hupasuka, maji hupenya kwenye ufa na kukaa kati yake na chuma, na kutu huendelea kazi yake gizani bila mtu kuiona mpaka siku boriti itakapokatika. Pendekezo lake la pili, kumimina oili chafu ndani ya boksi, lilikuwa na nafuu, kwa kuwa mafuta kweli hufukuza maji. Hata hivyo oili hiyo huwa na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta kwenye injini, huharibu mipira ya springi, na hugeuza uchomeleaji wowote wa baadaye kuwa hatari ya moto.

Mzee hakubishana kwa nadharia. Aliwauliza vijana kama wanaijua MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, akawasimulia jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. "Grisi haikuwa na ufa," alimaliza, na debe la lami likarudishwa dukani.

Usafishaji ulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, nami sina mengi ya kusimulia juu yake isipokuwa vumbi. Tulitumia brashi za waya na grenda, na tulikataa ushauri wa kupuliza mchanga wa ufukweni kwa kompresa, kwa sababu vumbi la mchanga huo likiingia mapafuni halitoki. Chasisi iliogeshwa kwa maji safi ndani na nje, ikapulizwa ikauka, ikaogeshwa tena, na kila mara mzee alirudia kuonja yale maji mpaka aliporidhika. Sehemu zilizooza zilikatwa hadi kufikia chuma kizima, na mabamba mapya ya milimita 2 yakachomelewa ukingo kwa ukingo, kwa kuwa kiraka kilichobandikwa juu ya kutu huacha mfuko wa kuhifadhia maji.

Ningependa chasisi nzima ichovywe kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la takribani nyuzi 450, maana hakuna kinga inayoishinda hiyo ndani ya boksi; ila sikupata mahali hapa penye bafu la kutosha urefu ule. Tulipaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, yenye unga mwingi wa zinki, ambayo hujitoa mhanga yenyewe kabla chuma hakijaliwa. Mzee alikataa isipakwe asubuhi. Umande wa ziwa hulala juu ya chuma kilichopoa usiku hata kama jicho halioni, na chuma kilichosuguliwa jioni huamka kimegeuka rangi ya machungwa. Kwa hiyo tulisugua mara ya mwisho jua lilipopanda, tukapaka papo hapo kabla ya alasiri.

Kwa ndani tulitumia nta ya nyuki kutoka Tabora. Iliyeyushwa kwenye sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, ikachanganywa na oili mpya, kisha, moto ukiwa umezimwa na sufuria imepelekwa uani, ikaongezwa thina ili iwe nyepesi. Tuliipuliza kwa bunduki ya rangi iliyofungwa mpira mwembamba, tukiuvuta mpira taratibu mpaka nta ikachuruzika kutoka kila tundu la chini. Kazi hii ilifanywa baada ya uchomeleaji wote kwisha, na matundu yalizibuliwa tena kwa waya kabla nta haijaganda.

Bodi iliporudishwa tuliweka vipande vya mpira kila ambapo aluminiamu ilikutana na chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye maji aluminiamu ndiyo inayoliwa. Mjomba alilizunguka gari, akainama kutazama chini, akauliza kama sasa anaweza kurudi kwenye biashara yake ya kayabo. Mzee alimjibu kwamba anaweza, mradi atandike turubai zito chini ya magunia na kuuingiza mpira wa maji kwenye chasisi kila jioni ya mzigo. Mjomba alipiga hesabu ya turubai, maji na kijana wa kuosha, akaamua kubeba mbao.