Kadi ya picha ya zamani ndani ya Windows XP pepe

Lengo ni kuikabidhi kadi halisi ya picha kwa mashine pepe ya Windows XP, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya Linux. Kwa kiangazi cha Dodoma, anza na brashi: toa vumbi kwenye feni na mapezi ya kadi. Kadi ikichemka, picha hukwama na utalaumu mipangilio bure.

Tafuta kadi ya NVIDIA, GTX 750 Ti au GTX 960. Draiva ya mwisho ya XP ni 368.81 ya mwaka 2016. Kadi mpya zaidi ya hizo usihangaike nayo. Skrini ya Linux yenyewe itumie kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa.

Washa VT-d (uwezo wa Intel wa kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi) kwenye BIOS, ongeza `intel_iommu=on` kwenye kerneli, kisha soma namba za kadi kwa `lspci -nn`. 750 Ti ni `10de:1380`, sauti yake ya HDMI `10de:0fbc`. Zikabidhi zote mbili kwa `vfio-pci`, draiva ya Linux inayotenga vifaa kwa ajili ya mashine pepe. Wengi husahau ile ya sauti. Kwa kuwa zimo kundi moja la IOMMU (vifaa vinavyokabidhiwa kwa pamoja), mashine inagoma kuwaka.

Kwenye mipangilio ya mashine pepe, chagua aina ya i440fx, SeaBIOS (BIOS yake) na diski ya IDE. Ukiweka diski ya virtio (aina ya mashine pepe tu) bila draiva yake, utapokelewa na skrini ya bluu, 0x7B. RAM GB 3 zinatosha, maana XP ya biti 32 haitumii GB 4 kamili. Ukiona kosa namba 43, draiva imegundua iko ndani ya mashine pepe: kwenye faili ya XML ya mipangilio ya mashine hiyo, weka `<hidden state='on'/>` chini ya `<kvm>`.