Barafu ni kisu, si ngao: nilivyoacha kupoteza na timu yangu ya Pokémon

"Chukua Avalugg. Ulinzi wake ni 184. Mwekee theluji, kaa utulie, mpinzani atachoka mwenyewe." Ushauri huo nilipewa na mtu anayejiita mjuzi, na mimi kwa ujinga wangu nikaufuata kwa wiki kadhaa. Leo timu yangu ya Pokémon wa aina ya Barafu inashinda, lakini inashinda kwa kufanya kinyume kabisa cha alichosema.

Kwanza jedwali la aina, haraka. Barafu ikipiga huumiza maradufu Nyasi, Ardhi, Anga na Joka. Ikipigwa huumizwa maradufu na Moto, Ngumi, Mwamba na Chuma. Mapigo yake hukatwa nusu na Moto, Maji, Chuma na Barafu mwenzake. Hayo kila mtu anayakariri. Swali ambalo watu hawajiulizi ni hili: Barafu yenyewe hupunguza mapigo ya aina ngapi? Aina ziko 18, na Barafu hupunguza moja tu, nayo ni Barafu. Maana yake ni kwamba Pokémon wa Barafu hana mlango wa kuingilia. Mwenye Chuma akiona pigo la Fairy au la Mwamba linakuja, anamwingiza wake bila wasiwasi na anapokea nusu. Wewe kila unapomwingiza wa Barafu analamba pigo zima, au mara mbili yake.

Huyo mjuzi simlaumu sana, kwa sababu sifa za Barafu ni za tangu mwaka 1996. Kwenye michezo ya kwanza Blizzard ilikuwa inapata mara 90 kwa 100, Moto ulikuwa haupunguzi Barafu, na aliyegandishwa hakuyeyuka mwenyewe. Mwaka 1999 ikaja aina ya Chuma, Moto ukaanza kuipunguza Barafu, na mambo yakabadilika. Kuna watu bado wanatoa ushauri wa enzi zile.

Sasa Avalugg. Hesabu zote za uhai na mapigo ni za leveli 50, IV 31 (vipawa vya kuzaliwa vikiwa juu kabisa); namba kama Ulinzi 184 au kasi 80 ni za msingi za kila Pokémon. Nilimjaza kwa mafunzo uhai (HP) wote akafika 202, Ulinzi wote, tabia ya Impish inayoongeza Ulinzi, Ulinzi ukafika 259. Theluji ilikuwa inaletwa na Abomasnow. Tangu michezo ya Scarlet na Violet theluji humwongezea Pokémon wa Barafu Ulinzi kwa nusu, kwa hiyo 259 inakuwa 388. Mechi ya kwanza akaja Great Tusk aliyejazwa Shambulizi, akanipiga Close Combat, pigo la Ngumi, udhaifu wangu kabisa. Likatoa kama 70 hivi. Hesabu yake ni kati ya 66 na 78. Nikapiga Recover, nikarudishiwa 101. Akapiga tena, nikarudisha tena. Nilianza kujiona profesa.

Mpinzani akamtoa Great Tusk, akamwingiza Volcarona, Pokémon wa Moto. Flamethrower moja. Hesabu ya chini kabisa ni 288, ya juu 342, na Avalugg alikuwa na 202. Hakufa tu, alikufa akiacha deni la 86. Ulinzi wa 184 na theluji vyote vinahusu mapigo ya mwili peke yake. Upande wa mapigo maalumu Avalugg ana 46, na namba hiyo mjuzi wangu hakuitaja hata mara moja.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Nikamvalisha Assault Vest, ambayo huongeza Ulinzi maalumu kwa nusu. Flamethrower ileile ikawa kati ya 192 na 228: yaani anakufa mara 11 kati ya 16 (kila pigo lina matokeo 16 ya bahati), tena akiwa na uhai kamili. Na ukivaa Assault Vest huruhusiwi kutumia Recover, kwa hiyo hata zile mara tano anazonusurika anabaki na chembe za uhai bila njia ya kujitibu. Ukuta usio na fundi wa kuuziba. Bado kulikuwa na Stealth Rock: mawe yale hukata robo ya uhai wa kila mwenye Barafu pekee anayeingia uwanjani, kwa Avalugg ni 50. Kuingia mara tatu ni 150 kabla hujapigwa hata kofi. Dawa yake ni Heavy-Duty Boots, lakini nafasi ya kushika kifaa ni moja tu.

Kwa hiyo nikageuza swali. Badala ya kuuliza Barafu itavumiliaje, nikauliza itaua nini kabla haijapigwa. Jibu la kwanza ni Mamoswine.

Mamoswine ni Barafu na Ardhi, Shambulizi 130, kasi 80. Ile Ardhi humfuta udhaifu wa Mwamba, hivyo Stealth Rock humtoza moja ya nane tu badala ya robo, na Umeme haumgusi kabisa. Kumpata mnajua wenyewe. Asiyejua kwa nini Piloswine wake habadiliki, amkumbushe Ancient Power halafu ampandishe leveli. Nilimjaza takwimu mbili kwa vitamini, 26 kwa kila takwimu, na vitamini moja ni 10,000 za mchezo, kwa hiyo ilinigharimu nusu milioni na ushee. Sikuhesabu vizuri, nilikuwa na hasira.

Kasi 80 ni ndogo. Garchomp ana 102, kwa hiyo ukitegemea Icicle Crash utakuwa umeshakula Earthquake kabla hujanyanyua mguu. Siri ni Ice Shard: nguvu yake 40 tu, lakini hutangulia bila kujali kasi. Mwenye tabia ya Adamant (huongeza Shambulizi) na Shambulizi lote akimpiga Garchomp asiyejazwa uhai (183), Ice Shard hutoa kati ya 160 na 192, kwa sababu Garchomp ni Joka na Ardhi, hivyo pigo huzidishwa mara nne. Tatizo liko kwenye ile "kati ya". Bila msaada, anakufa mara 4 kati ya 16. Ukiwa umetandaza Stealth Rock mapema, mawe yanamtoa 11, anabaki 172, na sasa anakufa mara 10 kati ya 16. Kwa nini mruko mkubwa hivyo kwa uhai 11? Kwa sababu pigo moja kati ya yanayowezekana ni 172 kamili, na nalo hutokea mara tatu. Mimi ubishi niliumaliza kwa Life Orb, kifaa kinachoongeza nguvu ya mapigo: pigo dogo kabisa linakuwa 208, Garchomp hana pa kwenda. Akiwa ameshika Yache Berry, hapo kubali umepigwa chenga, pigo linakatwa nusu.

Dragonite ni kesi nyingine. Akiwa na uhai kamili, uwezo wake wa Multiscale hukata pigo nusu, na hata ile mara nne haimwondoi. Hapa Stealth Rock inafanya kazi mbili: inamkata robo (41 kati ya 166) na inaivunja Multiscale, baada ya hapo Ice Shard ya 160 inamkuta ana 125. Lakini angalia Heavy-Duty Boots, na usisahau Extreme Speed yake hutangulia hata Ice Shard.

Uwezo wa Mamoswine nao watu wanabishana bure. Thick Fat hukata Moto nusu, ni nzuri, ndiyo iliyozoeleka. Mimi hutumia Oblivious mpinzani akiwa na Gyarados au Landorus wa Therian, kwa sababu tangu Sword na Shield Oblivious huzuia Intimidate, uwezo wao wa kushusha Shambulizi la mpinzani. Shambulizi likishushwa ngazi moja, hesabu zote nilizoandika hapo juu zinavunjika.

Sasa raha yenyewe. Kila mtu anajua Maji hupunguza Barafu, kwa hiyo ukimweka Ninetales wa Alola (umbo lake la Barafu) uwanjani, mpinzani anamwingiza mwenye Maji kifua mbele. Ninetales akiwa na Freeze-Dry, hapo ndipo anaponasa. Freeze-Dry ni pigo la Barafu lenye nguvu 70, lakini linamhesabu Maji kama mwenye udhaifu. Chukua Gyarados, Maji na Anga, uhai 170 bila kujazwa. Ice Beam ya Ninetales, nguvu 90, humtoa 67 ukiwa na bahati zote. Freeze-Dry, nguvu 70, humtoa 180 ukikosa bahati zote. Mnyama yuleyule, zamu ileile! Na Intimidate yake haisaidii chochote, maana Freeze-Dry ni pigo maalumu. Kuna sharti moja: mkamate anapoingia au zamu ileile anayotaka kucheza Dragon Dance, inayomwongezea Shambulizi na kasi. Akishacheza mara moja anakuwa na kasi kuliko wewe, na hapo mwanafunzi unakuwa wewe.

Wengine wanaonasa kwenye mtego huu ni Swampert, Pelipper na Kingdra, wote mara nne. Rotom wa mashine ya kufulia hunasa mara mbili, na huyu ni muhimu kuliko anavyoonekana, kwa sababu Barafu ya Mamoswine anaikata nusu na Ardhi haimpati kabisa. Anachoshindwa Mamoswine, Ninetales anakifanya. Ndiyo maana natembea nao wawili, sita wa Barafu ni kujitakia balaa.

Ninetales huyu akiwa na Snow Warning huleta theluji akiingia, halafu Aurora Veil hukata nusu ya mapigo yote, ya mwili na maalumu, kwa zamu 5, au 8 ukishika kifaa cha Light Clay. Kwenye mapambano ya wawili wawili hukata theluthi. Nilipoteza mechi nyingi hapa kwa kosa ambalo hakuna aliyenionya. Wawili wenye uwezo wa hali ya hewa wakiingia pamoja mwanzoni, wa haraka hutangulia kuwasha wake, na wa polepole huja kuufuta. Anayebaki ni wa polepole. Ninetales ana kasi 109, kwa hiyo mbele ya Tyranitar (61), Pelipper (65) au Torkoal (20) theluji yake haifiki hata mwanzo wa zamu ya kwanza, na bila theluji Aurora Veil haifanyi kazi kabisa. Unabonyeza, zamu inapotea, unapigwa.

Dawa ni kumficha Ninetales nyuma, aingie baadaye, baada ya hali ya hewa yao kuwashwa. Ama mtumie Abomasnow kuanza: kasi yake ni 60. Tyranitar ana 61. Pungufu ya moja, na hiyo moja inatosha theluji yako kubaki juu ya mchanga wake, mradi usimwongezee Abomasnow kasi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ila Abomasnow ana udhaifu saba, Moto ukiwa wa mara nne, kwa hiyo akishaleta theluji mtoe, usimwonee huruma na usimtegemee.

Kikosi kilichobaki kazi yake ni kuwapokea wale wanne wanaoitesa Barafu. Swampert anapokea Moto, Chuma na Mwamba kwa nusu, na Nyasi inayomwua yeye ndiyo chakula cha Barafu. Ngumi nilimwachia Gholdengo, ambaye haimgusi. Hapo sina maneno mengi, wanakaa vizuri pamoja.

Kinachonisumbua hadi leo ni Scizor, Pokémon wa Chuma. Ninetales ni Barafu na Fairy, Chuma humwumiza mara nne, na Bullet Punch hutangulia. Kifaa cha Focus Sash humwokoa mara moja, ikiwa tu hakuna mawe chini. Njia ninayotumia ni Tera ya Maji, yaani kumgeuza aina yake iwe Maji katikati ya pambano: Chuma kinakuwa nusu, na Freeze-Dry bado inabaki na nyongeza yake ya mara moja na nusu kwa sababu aina ya asili haifutiki kwenye mashambulizi. Unachopoteza ni nyongeza ya Ulinzi ya theluji, maana kwa kupigwa yeye si Barafu tena. Kwa hiyo hakikisha Aurora Veil iko juu kabla hujabonyeza Tera, na kama Scizor ameshacheza Swords Dance inayompandishia Shambulizi, usibonyeze, mtoe Ninetales mwingize Swampert.