Kuruta wa 1898

Wiki iliyopita mvua ilinifungia kwenye duka langu la video hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta ilikuwa inatoa video ya kipaimara kwa mwendo wa kinyonga, nami nikamalizia bando langu kwa filamu za askari wa kujitolea wa Marekani, zilizopigwa na watu wa kampuni ya Edison mwaka 1898. Wakati huo jeshi limejaa Tampa, Florida, likisubiri meli za kwenda Kuba kupigana na Wahispania. Filamu ni bubu, na moja haifikishi hata dakika.

Kuna moja nimeirudia kama mara kumi. Askari wa kujitolea kutoka Ohio wameshika blanketi pande zote, kuruta mpya wamemweka katikati, wanamrusha. Anapaa, anashuka kichwa chini miguu juu, kabla hajajikusanya anapaa tena. Sauti hamna, ila kelele zile mimi nazijua. Nilikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kujitolea, na wiki ya kwanza kuruta unamjua hata kwa anavyobeba ndoo.

Nyingine wanaosha vyombo. Basi, hakuna zaidi. Hiyo ndiyo iliyonishika. Nilikumbuka masufuria ya ugali, mchanga na majivu, maji ya bomba alfajiri ya mwezi wa sita, vidole vimekufa ganzi na mwenzangu wa hanga, yaani bweni la kambini, ananong'ona wimbo wa mchakamchaka ili asilie. Halafu ukijua kwamba vita ile iliua wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na homa ya matumbo ikafyeka vijana humo humo makambini, zile sahani huzitazami kwa amani.

Kilichoziokoa filamu nyingi za miaka ile kinachekesha. Hadi 1912 sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa inatambua picha za mnato tu, filamu haimo. Kwa hiyo wenye kampuni walizichapa kwenye mikanda ya karatasi, picha moja baada ya nyingine, wakazisajili kama picha. Filamu zenyewe zikaoza, nyingine zikaungua. Karatasi zikabaki kwenye Maktaba ya Bunge la nchi hiyo.

Mimi DVD yangu ya kufunga mafunzo niliinunua elfu tano. Ina gwaride, meza kuu na hotuba ya mgeni rasmi, ndefu mno. Hanga hamna, jiko hamna, mimi mwenyewe ni kofia tu mstari wa nne. Mwaka jana iligoma kabisa kusoma.

Jumamosi nilikuwa na harusi Uyole. Nikatoka ukumbini nikazunguka nyuma, kwa kina mama waliokuwa wanasugua masufuria ya pilau. Nikarekodi kama dakika moja, sikumpanga mtu. Mmoja akajiziba uso kwa mkono wenye povu, wenzake wakaangua kicheko. Mara shangazi wa bibi harusi huyo mlangoni:

"We kaka wa kamera! Huku unatafuta nini, na keki inakatwa?"