Sumu iliyokuwa ikirudi kila tukizima pampu: matundu ya kisima yalikuwa juu mno

Hatimaye napumua. Eneo lilikuwa la kiwanda cha zamani cha vyuma, na maji ya chini ya ardhi yalikuwa na trikloroethilini, ile dawa ya kuondolea grisi. Tulizoa udongo mchafu. Tukavuta maji kwa pampu na kuyapitisha kwenye mkaa, vipimo vikashuka. Tukizima pampu, baada ya wiki chache sumu iko palepale. Tukaongeza pampu. Wapi!

Nikarudi kwenye daftari la uchimbaji. Matundu ya bomba la kisima, yanayoingiza maji, yaliishia mita mbili juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi, ule usiopitisha maji kwa urahisi. Sasa, trikloroethilini ni nzito kuliko maji, karibu mara 1.46. Haielei kama dizeli. Inazama mpaka izuiwe na mfinyanzi, inatulia hapo. Sisi tulikuwa tunavuta maji yaliyo juu yake!

Tukachimba visima vipya, matundu yakifika mgongoni mwa mfinyanzi bila kuutoboa (ukiutoboa, umeifungulia sumu njia). Kisha tukaingiza mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji, chakula cha bakteria wanaong'oa klorini kwenye sumu hiyo na kuivunja. Pimeni pia kloridi ya vinili: huzaliwa njiani sumu inapovunjwa, nayo ni hatari zaidi. Kwetu ilipanda, ikashuka. Pampu zimezimwa mwaka mzima, sumu haijarudi.