Farasi mweusi na bei ya ngano

Kila uchumi wa dunia unapoyumba, kikundi chetu cha maombi hapa Dodoma hufungua Ufunuo sura ya 6, pale farasi mweusi anapotokea na aliyempanda ameshika mizani mkononi. Ilikuwa hivyo mwaka 2008, benki ya Lehman Brothers ilipoanguka huko Marekani, na ikawa hivyo tena mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano, mbolea na mafuta, hata chapati za mama lishe wetu zikapungua ukubwa.

Neno hilo naliamini, ila nasita kulifunga kwenye tarehe ya mwisho wa dunia. Sauti aliyoisikia Yohana inataja kibaba kimoja cha ngano kwa dinari, yaani ujira wa kibarua wa siku nzima, huku mafuta na divai visiguswe. Na sisi tunaolima zabibu tunajua ni nani hunywa divai wakati wa njaa. Wazee wa Kigogo walisimulia Mtunya, njaa ya miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua ng'ombe na nafaka za Ugogo. Sishangai kama walioiona walidhani mwisho umefika. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 24, anaviita vita na njaa mwanzo wa utungu, kisha anasema kwamba siku ile haijui mtu, hata malaika. Kwa hiyo mhubiri mmoja aliyetushauri tuuze mashamba kabla mwaka haujaisha sikumfuata. Mvua za Desemba zilipoanza, nilipanda mtama wangu kama kawaida.